Pakiti ya Sifuri

Mume wangu ni fundi bomba, na kama hujawahi kuishi na fundi bomba, wacha nikuambie: hakuna chombo kinachosalimika. Ndoo zetu zina koki. Pipa la maji lina koki. Sufuria yangu kubwa, ile ya kupikia wageni, aliitoboa akaitia koki siku niliyokwenda kumjulia hali dada yangu. Niliporudi nikaiona, nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Yeye akanijibu kwa upole, "Mama Watoto, hiyo sasa ni sufuria ya bia."

Hayo yalitokea miaka sita iliyopita, na sufuria haijarudi jikoni mpaka leo.

Wateja wake wanamwita Fundi Koki. Kiwanda chake cha bia ni chumba cha kufulia, hapo nyuma ya jiko, chenye dirisha moja dogo na meza yenye mguu uliotegeshewa kipande cha mbao. Humo kuna bomba la shaba aliloliviringisha kwa mikono yake. Maji ya baridi yanapita ndani ya bomba, na bia iliyotoka motoni inapoa kabla sijamaliza kuosha vyombo. Kuna magunia ya kimea cha shayiri. Na kuna friza ndogo ambayo wenzetu wangeweka nyama, yeye ameijaza hopsi, yale maua ya kijani yanayoipa bia uchungu wake na harufu yake. Mwanzoni nilisema yananuka dawa ya minyoo. Siku hizi naona haya kusema, lakini nikikasirishwa na mtu huenda chumba cha kufulia, nikafungua pakiti, nikanusa, hasira zikaisha.

Na Jumapili zetu je! Kila Jumapili alasiri ni lazima tufungue chupa moja ya bia ambayo hatujawahi kuionja. Anaitafuta wiki nzima, anawasumbua wenye maduka, anaahidi kuwazibia mabomba bure. Tunaweka mezani glasi mbili ndogo na karatasi mbili. Kila mmoja anaonja, anaandika neno moja tu, bila kuongea wala kuchungulia, halafu tunafunua. Kuna siku yeye aliandika "ndimu" na mimi nikaandika "mamamkwe". Alicheka hadi bia ikamtoka puani. Siku tukiandika neno lile lile bila kupanga, tunaruka utadhani timu yetu imefunga bao. Imetokea mara tisa, na karatasi zote kumi na nane ninazo.

Sasa, tatizo ni magoti. Miaka ishirini na sita fundi huyu amepiga magoti chini ya masinki ya watu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na yeye hupenda kusema kwamba methali hiyo ilitungwa na fundi bomba. Kila asubuhi anajifunga vigodoro vya magoti, na kila jioni namsikia akiguna anapovifungua. Mwaka huu daktari alimwangalia picha akamwambia bila kuzunguka, "Fundi, magoti yamekwisha. Ukiendelea na kazi hii, miaka miwili haipiti utakuwa na mkongojo." Alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake. Kazi nyingine hajui. 

Ndipo siku moja, Ijumaa, akaitwa kurekebisha bomba kwenye kiwanda kidogo cha bia upande wa pili wa mji. Mwenye kiwanda ni mama mmoja mnene, mkali, ambaye wafanyakazi wake wanamwita Mama Mapipa. Fundi wangu akiwa chini ya tangi, na spana mkononi, akanusa, akauliza, "Samahani, bosi, hii hopsi mmeitia juzi?" Mama Mapipa akamwangalia. Ilikuwa juzi kweli. Wakazungumza saa nzima, bomba likamwaga maji bila mtu wa kulijali. Mwisho mama akasema, "Mpishi wangu anaondoka mwisho wa mwezi. Niletee bia uliyoipika mwenyewe, Jumamosi, wiki tatu kuanzia kesho. Nikiipenda, tutaongea."

Alirudi nyumbani mbio, na magoti yale! "Mama Watoto! Mama Watoto!" Nilidhani kuna aliyekufa. Aliponieleza, nilimkumbatia na mikono yangu ya unga, tukacheza pale jikoni kama watoto.

Hesabu ilikuwa hivi: bia inataka siku kumi za kuchacha na siku kumi za kukaa kwenye chupa. Maana yake ni kupika Jumapili ile ile, mara moja, hakuna marudio. Jumapili asubuhi akapima kila kitu. Akatenga hopsi pakiti tatu, akazipanga mezani, akaandika juu yake kwa kalamu nene: 60, 15, 0. Maji matamu ya kimea yalikuwa yanakaribia kuchemka simu ilipolia. Alikuwa mwalimu mstaafu, mteja wake wa tangu zamani, analia: bomba la darini limepasuka, maji yanamwagikia vitabu vyake.

Fundi akaniangalia. Nikamwambia, "Nenda. Mimi si kipofu."

"Likianza kuchemka, hesabu saa moja. Pakiti nimeziandikia dakika zake. Usiache ikafurika!" Huyoo, akatoka na mkoba wake wa vyuma.

Nikasimama pale na saa mkononi, najiona mkubwa. Povu lilipopanda tu, nikatia pakiti ya sifuri. Dakika ya kumi na tano, nikatia ya kumi na tano. Dakika ya sitini, nikatia ya sitini, nikazima moto. Hata sekunde haikupotea. Aliporudi, amelowa hadi kwenye kola, akauliza, "Umetia zote?"

"Zote, kama ulivyoandika."

Akanibusu kwenye paji la uso. Na mimi nikavimba kichwa.

Siku ya nne nilikuwa nanakili mapishi kwenye daftari, maana mwandiko wake hausomeki hata na yeye mwenyewe. Nikafika kwenye mstari unaosema: "60, kuchemka kunapoanza. 0, moto ukizimwa." Jamani! Kumbe wapishi wa bia wanahesabu dakika zilizobaki, siyo zilizopita. Wanahesabu kinyumenyume! Ile hopsi ya harufu, iliyotakiwa kuingia mwisho, mimi niliichemsha saa nzima. Ile ya uchungu, iliyotakiwa kuchemka saa nzima, niliitia mwisho. Muda wa kupika tena ulikuwa umepita. Na mama yule alisema bia uliyoipika mwenyewe. Nikitamka kwamba nilipika mimi, nimemnyima kazi kwa mdomo wangu. Nikafyata ulimi. Nilikonda wiki ile, msinicheke.

Siku ya kutia kwenye chupa alionja kidogo kutoka kwenye koki. Akaonja tena. "Siyo ile niliyoipanga," akasema. "Sijui kama imeharibika au imekuwa kitu kingine. Sijui kabisa." Mimi nikajifanya natafuta vizibo.

Jumamosi ikafika. Alikuja kiwandani moja kwa moja kutoka kwa mteja, na vigodoro vyake magotini, hata hakukumbuka kuvivua. Mimi nilibeba chupa tatu kwenye mkoba, nimezifunga taulo. Mama Mapipa akafungua moja, akamimina, akaiinua kwenye mwanga. Akanusa. Akanusa tena, macho yakamtoka. Akapiga funda, kisha funda la pili, refu.

"Fundi," akasema, "hii harufu ya msonobari, hopsi yake uliitia lini?"

"Mwanzo, bosi. Dakika sitini."

"Haiwezekani. Ikichemka saa nzima harufu yote inatoka dirishani. Niambie ukweli."

"Ukweli ndio huo."

Mama akaweka glasi chini, uso umekunjamana. "Mimi mpishi asiyejua naweza kumfundisha. Mpishi mwongo simtaki."

Nikamtazama mume wangu. Mtu ambaye hajawahi kunidanganya hata bei ya kitunguu! Nikasimama.

"Siyo mwongo! Ni mimi!" Nikamwaga yote: mwalimu na dari yake, saa mkononi, sifuri, sitini. "Kwa hiyo bia hii hakuipika peke yake, na najua ulivyosema. Lakini usimwite mwongo mbele yangu."

Fundi akanigeukia polepole. "Sifuri uliitia mwanzo?"

"Sifuri ni mwanzo! Mtu gani mwenye akili zake anaanza kuhesabu na sitini?"

Nilingoja anikasirikie. Badala yake akainyakua ile glasi, akapiga funda, na uso wake ukawaka. "Basi ndiyo maana! Bosi, nipe kalamu! Ile ya harufu imechemka ikatoa uchungu laini, haikukwaruza koo, umeona? Na hii ya uchungu, sisi wote tunaichemsha tu, hatujawahi kuiuliza kama ina harufu! Tukiitia mwisho, halafu tuongeze nyingine kidogo bia ikishapoa, siku ya saba..." Alikuwa anachora juu ya meza, anaeleza kwa mikono miwili. Kazi amesahau, magoti amesahau, kosa langu amelisahau. Mama Mapipa hakuwa akiangalia mchoro. Alikuwa akimwangalia yeye.

Fundi akakumbuka jambo. "Mama Watoto, hatujaandika!" Akamweleza mama utaratibu wetu wa Jumapili, neno moja, hakuna kuchungulia, kama vile kila kiwanda kinafanya hivyo. Mama akachana karatasi ya oda vipande vitatu. Tukaonja. Tukaandika. Tukafunua.

Yeye aliandika "msonobari". Mimi niliandika "samahani".

Karatasi ya Mama Mapipa akaichukua fundi, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Miwani kaiacha nyumbani. "Soma wewe," akanipa.

Nikasoma. Nikarudia kusoma kimoyomoyo.

"Imeandikwaje?"

"Jumatatu."

Akakunja uso, akaonja tena bia, akaitafuta ladha hiyo ulimini. "Jumatatu? Hiyo ni ladha gani?"

"Ya kufika hapa saa mbili asubuhi," mama akasema. "Na pakiti zangu, fundi, utaziandika kwa maneno, siyo kwa namba."

Mume wangu akakaa kwenye kreti. Aliinama akafungua vigodoro vya magoti, kimoja, kisha kingine, akanipa nivitie kwenye mkoba.