Mwanarusi na Kamba ya Vifundo Ishirini na Viwili

Mimi ni wifi yake, na wifi hasifu ovyo. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba Mwanarusi wa Kibuyuni ni mwanamke wa shoka, niaminini, maana maneno hayo yamenitoka kwa taabu.

Ameolewa na kaka yangu Swabir, mwaka wa kumi na nane huu. Ni mwembamba, si msemaji, na akinyamaza hujui kama amekasirika au anapiga hesabu. Darasa la nane alipasi vizuri kuliko wavulana wote wa darasa lake, lakini baba yake alikuwa keshaamua, na sekondari hakuiona. Tangu hapo kazi yake ni mwani, kama sisi sote. Maji yakipwa unapigilia vigingi mchangani, unavuta kamba, unafunga vipande vya mbegu kimoja kimoja, mgongo umeukunja, mpaka maji yakufukuze.

Mwaka juzi mwani ukaanza kugeuka mweupe na kufa. Wakaja watafiti, wakajenga chumba kidogo cha maabara kando ya banda letu la kukaushia, wapate kupima maji na kuchora ramani ya mashamba yetu yote ya baharini. Mkuu wao ni Madam Teresa, mtu wa bara, mpole lakini hana mchezo. Akatuambia ataajiri mtu mmoja wa kudumu. Cheti hakitaki. Anachotaka ni mtu anayejua vifaa vyote ishirini na viwili kwa majina yake ya Kiingereza, kwa sababu wenzake wengine ni wageni, na mkiwa ndani ya maji ukaagizwa hiki ukaleta kile, bahari inajaa na kazi ya siku imeharibika. Mtihani baada ya wiki mbili.

Mwanarusi akaandikisha jina. Mimi nikacheka mpaka nikakaa chini.

"Wifi," nikamwambia, "Kiingereza chako si kiliishia good morning?"

Hakucheka. Akanitazama, akasema, "Twaiba, naitaka kazi hii. Tangu nitolewe shule sijataka kitu hivi."

Ilinichoma, lakini nitaonyeshaje? Nikajitia kuosha vyombo.

Madam alitoa karatasi yenye picha na majina, yamepangwa kwa alfabeti. Siku tatu za kwanza zilikuwa balaa. Leo anayashika, kesho yamemtoka. Siku ya nne nikamkuta jikoni anapepeta mchele na machozi yanamtiririka, na mchele wenyewe ulikuwa umeshapepetwa. Nikarudi nyuma polepole. Kusema kweli niliona aibu.

Kesho yake akachukua kipande cha kamba kuukuu ya mwani akikifunge vifundo, kila kifaa kifundo chake, akarudi kwenye mtindo wa chuoni, ule tuliosomeshwa nao Kurani tukiwa watoto: unaanza mwanzo, unaghani, unatikisa mwili, ukikwama unarudi mwanzo. Lakini alfabeti ya Madam aliiacha. Alijiuliza hivi: maji yakipwa nikatoka nyumbani, nitashika kipi kwanza? Kifundo cha kwanza akakipa GPS, maana huwezi kupima shamba hujui liko wapi. Cha pili compass, ile dira. Cha tatu tape measure. Kisha quadrat, fremu ya mraba unayolaza juu ya mwani uhesabu kilichomo ndani. Akaja hivyo hivyo mpaka kwenye chupa za kutekea maji, akaingia maabara: beaker, funnel, measuring cylinder, pipette, hadi mizani ndogo ya mwisho. Vifundo ishirini na viwili.

Basi tukakoma. Ndani ya maji mikono yake inafunga mwani na mdomo unaghani, kila fundo jina. Asubuhi ya kwanza tulimwambia atunyamazie. Asubuhi ya tano Fauzia, jirani yake wa shamba, alijikuta anaitikia. Mimi nilibana midomo, mnisikie vizuri. Lakini masikio huyabani.

Siku ya mtihani walikuja wawili tu. Mwenzake alikuwa Feisal, kijana wa Ukunda, ana cheti cha chuo, shati limepigwa pasi, adabu zake timamu. Alitupa shikamoo sote tuliojazana dirishani, mmoja mmoja. Akaanza yeye. Vifaa vimetandazwa mezani, dakika kumi. Alitumia tatu. Alikosea viwili tu, akatoka anajifuta jasho. Fauzia akaninong'oneza, "Basi tena."

Akaingia Mwanarusi. Kamba ameambiwa aiache nje, akanipa mimi niishike. Na Madam alikuwa amevichanganya vifaa vile vurugu mechi, hakuna cha kwanza wala cha mwisho. Mwanarusi akanyanyua kimoja, akafumba macho, vidole vikafunga hewani, nikajua anaanza mwanzo. "Pipette." Sawa. Akanyanyua kingine, akaanza mwanzo tena. "Compass." Sawa. Hakosei, lakini dakika nne zimekwisha na ametaja vitano. Mimi huku jasho linanitoka kama ninayetahiniwa ni mimi.

Mara akakiweka chini alichokishika. "Madam, naomba ruhusa nivipange."

Madam akafikiri. "Hakuna sheria inayokukataza, mama. Lakini saa inakwenda."

Akaanza kupanga. Mkono unakwenda huku na huku, GPS mwanzo kabisa, dira, tepu, mraba, chupa. Hasiti. Kisha akafika karibu na kile kidude cha kuchungulia kinachopima chumvi ya maji, refractometer, mkono ukasimama. Akatazama meza. Akatazama chini ya meza.

"Madam, kimoja hakipo."

"Vipo vyote."

"Hakipo. Hiki cha chumvi huwezi kukitumia hujakisuuza kwa maji safi, kitakusomea chumvi ya jana. Chupa ya kusuuzia iko wapi? Wash bottle."

Madam akahesabu kwa kidole. Ishirini na moja. Akahesabu tena. Akatoka, akaenda kwenye gari lake, akarudi na kichupa cheupe chenye mrija, uso umemwiva.

"Feisal amemaliza mtihani mzima," akasema, "nami nimesimama hapa hapa, na hakuna aliyeona."

Mwanarusi akakipokea, akakiweka mahali pake, akavitaja vyote kutoka kushoto hadi kulia kwa pumzi mbili. Dakika moja ikabaki. Madam akafunga daftari. "Mama Mwanarusi, unaanza Jumatatu. Na huo mpangilio uuache hivyo hivyo. Ndio tutakaoufuata sote."

Aliyepiga kigelegele cha kwanza ni mimi. Anayekataa aje tukabiliane. Feisal naye akaja kumpa mkono, akasema, "Hongera, mama. Chupa ile mimi sikuiwaza kabisa." Mwanarusi akamwombea heri, kisha akanitafuta mimi kwa macho, kamba yake bado nimeishika.

Bamvua lililofuata, maji yamepwa mpaka mbali, nilikuwa shambani kwangu nafunga mwani. Mwanarusi alikuwa shamba la pili na wageni wawili, ameshikilia fremu ya mraba kwa mikono yote miwili, wanazungumza Kiingereza na anaitikia. Kapu la vifaa alikuwa ameliegesha kwenye jiwe, karibu nami.

"Wifi," akaita bila kugeuka, "tape measure."

Nikaingiza mkono kapuni, sikuuliza hata ni kipi, nikampelekea, nikarudi kwenye kamba yangu. Nilikuwa nimeshafunga vipande viwili ndipo nikasikia kicheko chake. Nikainua kichwa. Amesimama na tepu mkononi, ananitazama, anacheka kama siku aliyoolewa.

Nikamwambia afanye kazi, maji yanajaa.