Kosa la Profesa Nililolinyamazia

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo chakula hakipiti. Kaa, nikusimulie, na usinikatize, maana nikikatizwa nitapata kisingizio cha kuacha.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nasomea udaktari wa hisabati katika chuo kimoja cha Maryland, kando ya Washington. Udaktari wa vitabu, si wa sindano. Mama yangu kule Songea hakuielewa kamwe tofauti hiyo, akawa anawaahidi majirani kwamba nikirudi nitawatibu miguu. Profesa wangu alikuwa mzee mpole, mjane, karibu kustaafu. Chini yake tulikuwa Waswahili wawili tu: mimi na Nekesa, Mkenya wa Bungoma. Nekesa alimwacha binti yake wa miaka miwili kwa bibi ya mtoto, akaahidi kwamba atakuwa amerudi mtoto akianza darasa la kwanza. Ufadhili wake ulikuwa wa miaka mitano, basi. Tulipanga jirani pale Takoma Park, tukipanda basi moja asubuhi, na wikendi alikwenda kuogesha wazee majumbani mwao ili apate cha kutuma nyumbani.

Tasnifu zetu zote mbili zilisimama juu ya hoja moja ambayo profesa aliithibitisha zamani. Katika mwaka wetu wa tatu, nikiwa maktaba, niliijaribu kwa mfano mdogo tu. Ikakataa. Nikadhani nimekosea kujumlisha. Nikarudia siku tatu, ikakataa siku tatu. Hisabati haina huruma, mwanangu: mfano mmoja ukikataa, hoja imekufa, hata kama mwenye hoja ana mvi.

Ningekwenda kugonga mlango nikasema. Lakini mimi nimelelewa katika nyumba ambayo mtoto hamwambii mkubwa "umekosea". Unasema "labda sikuelewa vizuri," kisha unanyamaza. Tulifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hatukufundishwa kwamba mkuu naye anaweza kuvunjika guu kwa kutoambiwa. Nilifika mlangoni kwake mara mbili. Mara ya pili aliniona, akanipa chai, akaniuliza hali ya mama. Nikanywa chai, nikatoka. Niliiita heshima. Ulikuwa woga, mwanangu, woga mtupu.

Kisha nikafanya baya zaidi. Nilimwambia profesa kwamba nimevutiwa na mada nyingine. Akanikubalia, nikahama, na Nekesa nikamwacha palepale. Nilijiambia ana akili kunishinda, ataona mwenyewe. Na kweli alikuwa na akili kunishinda. Kosa lake lilikuwa kumwamini mwalimu wake. Kwenye basi ananiambia, "Kaka, sura ya tatu imeisha," nami namwitikia, "Hongera, dada." Mwaka mmoja na zaidi nilikuwa mtu wa hongera.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku ya semina Nekesa alikuwa ubaoni, akieleza kazi yake vizuri kabisa. Mgeni kutoka chuo kingine akainua mkono, akaomba chaki, akaandika mfano. Ulikuwa ule ule wangu. Profesa aliutazama kwa muda, akavua miwani, akasema taratibu kwamba mgeni yuko sahihi. Nekesa alibaki amesimama na karatasi zake. Alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja wa ufadhili.

Tukiwa kwenye basi jioni ile nilishindwa kuubeba mzigo. Nikamwambia, "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijahama mada."

"Kwa hivyo ulijitoa, mimi ukaniacha. Si ungeniambia tu? Hata kwa karatasi. Mimi nilikuwa nakuita kaka."

Akahamia kiti cha mbele.

Kesho yake nilikwenda kukiri kwa profesa. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alisema nilimtendea kama mtu aliyekwisha kufa, asiyeweza tena kujifunza. "Mimi ningeona aibu wiki moja," akasema, "na yeye asingepoteza mwaka."

Nekesa alianza upya, muda ukamwishia. Mimi nikavishwa joho. Yeye akaona haya kurudi Bungoma mikono mitupu, akabaki kuogesha wazee, makaratasi yake ya uhamiaji yakaharibika, akawa hawezi kusafiri. Alinisamehe, kwa mdomo wake mwenyewe. Ndiyo maana, hatimaye mambo yalipomnyookea akaweza kumleta binti yake, aliniomba mimi nimpeleke uwanja wa ndege. Msichana alikuwa na miaka kumi na mitano. Bibi yake ndiye aliyekuwa akimwita mama. Akampa Nekesa mkono, akasimama kidogo, akauliza kwa adabu, "Nikuite nani?"

Nekesa akasema, "Niite vile umezoea." Hakukuwa na alichozoea. Nikabeba sanduku la msichana, nikawaendesha mpaka Takoma Park.

Sasa wewe jana umeniambia kwamba msimamizi wako amekosea, na unaona haya kumwambia. Mwanangu, mwambie. Mwamkie kwanza, funga mlango, sema kwa upole, umwonyeshe ulichokiona. Lakini mwambie. Kumheshimu mkubwa ni kuamini kwamba anaweza kuusikia ukweli akabaki mkubwa. Na ukishaliona shimo ukalikwepa, geuka utazame anayekuja nyuma yako, umwite kwa jina. Mimi sikumsukuma Nekesa, nilimpisha tu apite. Kwa miaka mingi nilijitetea kwa neno hilo, na halijawahi kunifaa kitu. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu hakui akaondoka nyumbani.

Mungu akupe ulimi usioogopa na moyo usiodharau. Akujalie umalize ulichokianza, na siku ya kuvaa joho uwatazame wenzako wote machoni. Haya, inuka. Nenda leo, kabla hajatoka ofisini.