Nilivyoachiwa funguo za kiwanda cha kirikuu Runazi, na siku nne nilizosubiri ruhusa

Wakuu, poleni na majukumu.

Wiki iliyopita kuna mdau aliuliza humu kuhusu lile banda kubwa la bati za bluu kule Runazi, wilaya ya Biharamulo. Alitaka kujua ni la nini na litakuja kuwa nini. Majibu yalikuwa mengi. Mmoja akasema ni gereza. Mwingine akasema ni kanisa la nabii ambalo halijaisha.

Si gereza wala kanisa. Ni kiwanda cha magari.

Mimi ndiye niliyekaa na funguo zake kwa zaidi ya miaka miwili, kwa hiyo niacheni nieleze nilichokiona kwa macho yangu. Hii si chai. Kampuni sitaitaja na majina ya watu nimebadilisha. Mimi ni Mhangaza wa Keza, Ngara. R na l zikigongana humu, mnivumilie.

Kilikuwa kiwanda cha kuunganisha kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo. Vipande vinakuja kwenye makontena, sisi tunaviunganisha, gari linatoka. Hesabu ya mwekezaji ilikuwa kwamba mipaka ya Rwanda na Burundi iko karibu, wakulima wako hapa hapa, kila mtu ana mzigo. Kwenye karatasi ilikaa vizuri sana.

Mimi nilikuwa fundi wa kuchomelea. Walituchukua vijana wa Ngara na Biharamulo, wakatupa training, wakatupa ovaroli zenye nembo. Mke wangu Yusta alipiga picha ile ovaroli akaituma kwa ndugu zake wote.

Tuliunganisha kirikuu kumi na moja. Bodi, milango, viti, taa, mpaka vile vitambaa vya kuzuia jua.

Injini zilikuwa kwenye kontena la mwisho.

Kontena la mwisho halikuja.

Tukaambiwa linafuatiliwa. Baadaye wafuatiliaji nao wakaondoka, wakasema watarudi baada ya wiki mbili. Wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Tukabaki wawili, mimi na jamaa anaitwa Lazaro, mtu wa Mabawe. Mimi nikapewa funguo na cheo cha msimamizi wa eneo.

Kabla hamjauliza: mshahara ulikuwa unaingia. Huu si uzi wa kudhulumiwa.

Kazi yangu ilikuwa moja. Kila Jumatatu nalipiga picha geti, namtumia meneja aliyeko Dar kwa WhatsApp. Yeye ananijibu kwa kidole gumba. Tuliishi hivyo wiki baada ya wiki, na nadhani alikuwa mtu ninayewasiliana naye kwa uaminifu zaidi hapa duniani, ukimtoa mke wangu.

Kwenye kila mkutano wa kijiji mwenyekiti aliulizwa kuhusu kiwanda. Kuna waliotaka kiwe chuo cha ufundi, na wengine ghala la kahawa. Mzee mmoja alitaka kirudi kuwa shamba la mihogo kama zamani, na nadhani ndiye pekee aliyekuwa na mpango unaotekelezeka. Jibu la mwenyekiti lilikuwa lile lile, kwamba suala liko ngazi za juu.

Sasa nije kwa Mama Editha.

Huyu mama nyumba yake imepakana na uzio wa kiwanda. Wakati tuna kazi, yeye ndiye alikuwa anatupikia. Ugali, maharage, siku nyingine dagaa. Kiwanda kilipokuja aliongeza shamba la mahindi kwa sababu wateja wameongezeka. Wateja tulipoondoka, shamba likabaki kubwa. Anaishi na wajukuu watatu, na mahindi yale ndiyo chakula chao mpaka msimu mwingine.

Mwaka mmoja nikiwa pale nilishikwa na malaria ya kunilaza kabisa. Uji niliokunywa wiki ile ulitoka kwake. Sikumwomba. Nilikuwa naona tu kikombe kimewekwa pale.

Mwaka jana, mahindi ya vuli yakiwa tayari kuvunwa, mvua ilikataa kukatika. Wenyeji wa Kagera mnajua mwezi wa pili huwa tunapata jua la kuanikia. Mwaka ule hatukupata. Watu walivuna mahindi mabichi mabichi, wakayajaza ndani ya nyumba, sebuleni, chini ya vitanda.

Jumanne asubuhi Mama Editha akaja getini. Amejifunika kiroba kichwani.

"Fundi, naomba unifungulie humo ndani nianike. Mahindi yanaanza kupata joto."

Wakuu, banda lile lina paa zima na sakafu ya zege. Upepo unapita juu pande zote. Ukitaka kukausha mahindi kwenye mvua, hakuna sehemu nzuri kama ile kuanzia hapo mpaka Ngara mjini.

Nikamwambia, "Mama, ngoja niombe ruhusa."

Akasema, "Sawa, omba."

Nikamwandikia meneja. Nikaeleza vizuri, kwa heshima, nikaweka na picha ya mawingu. Akajibu kwamba atawasiliana na wakurugenzi.

Jumatano mvua. Alhamisi mvua. Nikipita naona Mama Editha anageuza mahindi barazani kwa mikono, mengine kayatandaza jikoni karibu na moto, nyumba nzima moshi. Alikuwa ananisalimia kama kawaida. Hakuniuliza kuhusu ruhusa hata mara moja, na hilo ndilo lililonikosesha raha.

Ijumaa jioni meneja akajibu. Naukumbuka ule ujumbe neno kwa neno: "Jengo lisitumike kwa shughuli nyingine yoyote mpaka hatma yake ijulikane."

Nikaenda kumwambia. Akasema, "Sawa."

Jumamosi nikapita tena. Nikamkuta nyuma ya nyumba amefungua viroba. Mahindi yameota. Mengine yamefanya ukungu wa kijani, ukiingiza mkono ndani ni moto kama uji. Kila mmoja wetu ameshasikia habari za sumukuvu, na pale hakuna cha kumpa hata kuku. Alikuwa amechimba shimo, anamwaga kiroba kimoja kimoja. Nikashika jembe nimsaidie kufukia.

Baadaye akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Fundi, mle ndani hasa kuna nini?"

Nikasema, "Kirikuu kumi na moja."

"Zinanyeshewa?"

"Hapana."

"Basi vizuri," akasema, akaendelea kumwaga.

Hakuwa ananisema. Ninamjua, akitaka kukusema anakusema. Alikuwa anauliza kweli. Lakini nilirudi chumbani kwangu nikashindwa kula, na mimi si mtu wa kushindwa kula.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwa mwenyekiti. Ni mtu mzima, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba na kunipa kigoda. Nikamwambia awatangazie watu walete mahindi kiwandani.

"Umepata ruhusa?"

"Hapana mzee."

Akaangalia mvua. "Mimi hilo la ruhusa sijakuuliza," akasema, akanyanyuka kutafuta mwavuli.

Lazaro hakupenda. Aliniambia wazi kwamba ana watoto watano na ananiona nataka kumfukuzisha kazi. Alikuwa na haki. Nikachukua karatasi nikaandika kwamba nimefungua mimi peke yangu, Lazaro akiwa mapumziko Mabawe. Nikatia sahihi, nikampa aitunze. Akaikunja akaiweka ndani ya kofia, halafu akashika mlango upande wa pili tukausukuma pamoja.

Watu walikuja na baiskeli, na bodaboda, wengine vichwani. Walikuja wakulima wa zamani wa hapo, zikaja familia zilizotoka Burundi enzi za ukimbizi, Wakristo na Waislamu. Kisubi, Kirundi na Kisukuma vyote vikawa vinagongana kwenye bati.

Tulitandaza kwenye mstari wote wa kuunganishia magari. Sakafu ilipojaa, tukagawa kirikuu. Kila bodi ya nyuma kaya moja. Ukiniuliza kiwanda kile kilibeba mzigo lini, ni wiki zile.

Mama Editha alikuja na kilichobaki. Debe moja na nusu hivi. Nikampa kirikuu cha kwanza karibu na mlango, penye upepo. Lilikuwa gari zima kwa mahindi yaliyofunika sehemu ndogo tu. Majirani walipita wakaona. Kila aliyekuja kugeuza mahindi yake alikuwa anaacha konzi mbili tatu kwenye lile gari. Kufikia wiki ya pili halikuwa tupu tena. Halikujaa pia, nisiwadanganye.

Jumatatu zile niliendelea kutuma picha ya geti. Kidole gumba kiliendelea kuja.

Wiki ya tatu, mchana, zikaingia Land Cruiser mbili. Meneja, na wageni wawili waliokuja kuangalia kama watanunua jengo. Hakuna aliyenipa taarifa.

Wakaingia. Walichokikuta ni mahindi kutoka ukuta hadi ukuta, wanawake wanapukuchua wamekaa kwenye viti vya kirikuu ambavyo bado vina nailoni, na mbuzi mmoja ambaye mpaka leo sijui ni wa nani.

Meneja hakupaza sauti. Akanivuta pembeni.

"Nani alikuruhusu?"

"Hakuna. Uliponijibu nilikuwa nimeshachelewa kwa mtu mmoja. Sikutaka kuchelewa kwa wengine."

"Unajua hii kazi imeisha?"

"Najua."

Mgeni mmoja, mtu wa makamo mwenye kofia, akainama akachukua punje, akaing'ata. Akasema imekauka vizuri. Akaniuliza banda linaingiza magunia mangapi, hewa inatokea wapi, panya wako wengi kiasi gani. Nikamjibu yote, kwa sababu wiki tatu zile nilikuwa nimejifunza. Meneja alitaka mahindi yatoke siku ile ile. Yule mgeni akasema, "Waache wamalize." Wakamaliza.

Mimi nilikabidhi funguo kwa Lazaro nikarudi Keza. Yusta aliniuliza swali moja tu, kama mahindi yalikauka. Nikamwambia yalikauka. Akasema basi nile nilale.

Nitakuwa muongo nikisema sikujutia kazi. Nilijutia. Kuna asubuhi niliitazama ile ovaroli nikajiita mjinga. Sasa hivi nachomelea mageti na keria za pikipiki, tunaishi.

Na kiwanda? Wale wageni hawakurudi. Nimesikia habari za chuo, nimesikia habari za ghala, mwezi uliopita nimesikia injini zimefika bandarini. Lazaro anasema yeye hajaona kitu. Anatuma picha ya geti kila Jumatatu.

Mwaka huu Mama Editha akanipigia simu. Yeye na kaya nyingine za hapo wamechanga nguzo na bati, wanajenga banda lao la kukaushia, sakafu imeinuliwa kutoka chini. Wanataka fundi wa kuchomelea. Nikapakia mashine kwenye bodaboda nikaja.

Jana tumemaliza fremu. Nikamuuliza mlango niuweke upande gani, na kama anataka kitasa au kufuli.

Akaniangalia kama nimeuliza kitu cha ajabu.

"Fundi, acha wazi. Sisi tunataka upepo."

Wakuu, nilichojifunza si kwamba tuvunje amri za mabosi. Meneja alifanya kazi yake na mimi nilistahili kuondoka. Nilichojifunza ni kwamba siku zile nne nilikuwa najiona mwaminifu, kumbe nilikuwa naogopa, na gharama ya woga wangu aliibeba mama aliyeninywesha uji. Mpaka leo hajawahi kunidai hata samahani. Niliiomba mwenyewe, tukiwa hapa kwenye nguzo, akasema nimpitishie msumari.

Kama kuna mwenye uelewa wa sheria, atuambie kijiji kinaweza kuomba kutumia jengo lililokaa hivi bila uamuzi, na barua inaanzia ofisi gani. Na wewe uliyewahi kushikilia funguo za kitu kisicho chako, ungefungua Jumanne au ungesubiri kama mimi? Nisemeni tu, nitasoma yote jioni.

Kwa sasa ngoja nipande juu, bati tatu bado na wingu limeshakaa upande wa Ngara.