Waziri Aliyefungua Lango la Sayari

Mji wetu ulipotekwa na kubadilisha wakubwa, ofisi zilifungwa, na kaka yangu akawa anashinda kwangu, mtaa wa Nyawera. Alikuwa sekretere katika ofisi moja ya jimbo. Mke wake na watoto alikuwa amewapeleka kijijini Luberizi, kwa wakwe. Mimi ni mwalimu, na shule nazo zilikuwa zimefungwa. Umeme ukiwepo mchana, tulifungua kompyuta yake tukatazama katuni ya Kijapani iliyotiwa sauti za Kifaransa, juu ya vita vya sayari mbili.

Sikuwa mpenzi wa katuni. Niliitazama kwa sababu ilikuwa inasogea mbele ya macho.

Siku moja, mvua ikinyesha, tulifika kipindi ambacho waziri wa sayari moja anawafungulia adui lango la anga. Walinzi wanaondoka bila kupiga risasi. Asubuhi watu wanatoka nje, wanakuta bendera nyingine. Wiki haijaisha, waziri yule yuko mezani na wakubwa wapya, anakunywa chai.

Nikamwambia kaka, "Hapana, yaya. Hapa banazidisha. Mutu hawezi kuuza muji halafu anabakia mule mule, batu banamuona."

"Juu ya nini asibakie?"

"Juu ya haya, juu ya aibu."

Kaka yangu akasimamisha picha. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, hata akibisha.

"Ule ministre wa lango, mi namuamini," akasema. "Mwenye siamini ni ule kapiteni."

Kapiteni alikuwa askari mmoja aliyekataa amri ya kuondoka, akaenda redioni kuwaambia watu ukweli, akauawa.

"Miaka yote niko mu biro ya jimbo," akaendelea. "Sijaona mutu anasimama anasema hapana. Banainamisha kichwa, banasema ndiyo, kiisha banaenda kwabo. Wenye baliandika hii filme balimuweka pale ili tusichoke."

"Mi naona anawezekana."

"Umeshamuona wapi?"

Nikatafuta. Nilipitisha kichwani watu ninaowajua, mmoja mmoja, na sikupata wa kumtaja. Hata hivyo nikashikilia kwamba anawezekana. Kaka akasema sawa.

Simu yake ikalia. Alikuwa mwenzake wa kazini, mzee wa kuheshimiwa. Kaka alisikiliza sana, akisema, "Ndiyo, papa. Nimesikia, papa." Kisha akailaza simu kwenye kiti.

"Biro inafunguliwa lundi," akaniambia. "Iko na wakubwa wapya. Banatuita."

"Utaenda?"

"Batoto banapaswa kula."

Nikangoja nisikie hasira juu yake, au huruma. Hakuna kilichokuja. Maji ya mvua yalikuwa yanaingia dirishani, nikachukua kitambaa nikapanguza. Niliporudi kukaa, kipindi kilikuwa kimeanza tena, tukakitazama mpaka kilipokwisha.

Jumatatu akaenda, shati limepigwa pasi. Alirudi saa sita mchana, nikampa bugali na sambaza, visamaki vya ziwani.

"Banasema nini kule?"

"Hakuna. Tulisalimiana. Tulikaa."

Akala akamaliza, akanawa, akalala kwenye kiti na viatu mguuni.

Tangu hapo anaenda kila siku. Kompyuta aliniachia, nikamaliza vipindi vilivyobaki peke yangu, nikipepeta mchele. Ukiniuliza leo ni sayari gani iliyoshinda, sikumbuki. Shule yetu ikafunguliwa baadaye. Nilikuta madawati mengi hayana watu. Nikaandika tarehe ubaoni, nikaanza somo.