Siku Nilipoposa kwa Hadithi ya Katuni

Nianze na aibu yenyewe, maana sina nguvu tena ya kuizungukia. Mimi, mzee mwenye mvi na meno ya kubahatisha, nilisimama mbele ya watu tuliotaka watupatie binti yao, kofia mkononi, koti la kanisani mwilini, nikaposa kwa maneno ya katuni. Katuni za mapenzi, zile za Kijapani. Haya, nimesema, na anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kwa sababu mbele huko nitakuwa nimechoka zaidi.

Mtaniuliza mzee wa mtaa wa Kabiria amejuana wapi na katuni za Kijapani. Ni magoti. Magoti yalipokataa kazi ya useremala nikawa wa kukaa nyumbani, na mjukuu wangu Wambui, wakati huo alikuwa chuoni, miaka ile ya elfu mbili ambapo kila pembe ya mji kulikuwa na kibanda cha kuuza dividii, akawa analeta hizo sahani zake anaweka, na mimi niko hapo hapo kwenye kochi, niende wapi? Kabla ya hapo nilikuwa naangalia zile tamthilia za ng'ambo za jioni, wanawake wanalia na wanja hautoki, kila mtu ana pacha aliyepotea, zikanichosha. Hizi katuni angalau zilikuwa na utulivu. Mvua inanyesha kama mvua, mtu anakula wali unaona mvuke. Maandishi ya Kizungu yalikuwa yanapita chini lakini mimi shule niliishia darasa la tatu, nikifika neno la pili maandishi yameshaondoka, kwa hiyo Wambui alikuwa ananisomea kwa Kiswahili chake cha mtaani, na mimi natoa maoni.

Na maoni nilikuwa nayo. Kwanza wale vijana hawasemi! Msichana amepanda juu ya paa la shule, upepo unapeperusha nywele, maua yanaanguka, amengoja sehemu kumi nzima, na kijana anafungua mdomo hivi, anataka kusema nakupenda, treni inapita. Kila mara treni. Nikawa namwambia Wambui hiyo nchi wapunguze treni ndoa ziongezeke. Yeye huniita guka, yaani babu kwa Kikuyu. Anasema, "Guka, huyo jamaa ni fala tu, hata bila treni hangesema." Pili, wazazi wako wapi? Mtoto wa miaka kumi na sita anaachiwa nyumba peke yake, baba na mama wameenda kazi nchi za mbali, hakuna shangazi wa kupitia, hakuna mtu wa kumtuma mzee akaulize habari za yule msichana, ndiyo maana mambo yanachukua mwaka. Tatu, yule msichana wa jirani. Kila moja ina msichana wa jirani, amekua na kijana, anampikia, anamwamsha asubuhi, wakiwa wadogo waliahidiana wataoana, na mwisho anaachwa kwa ajili ya mwingine mgeni anayekohoa vizuri. (Mimi ningechukua wa jirani, na bado nasema hivyo.) Kulikuwa na moja tu niliyoiheshimu, ya watu wazima wawili wa ofisini, wanapendana mapema kabisa halafu wanabaki kugombana nani aoshe vyombo. Hiyo Wambui aliona inaboesha. Mimi nilisema hawa ndio wameoana.

Sasa basi. Kimani ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Baba yake hayupo, kwa hiyo mambo yake ya kuoa yaliniangukia mimi, kama yalivyoniangukia ya wengine wote katika ule ukoo, maana watu walishazoea kwamba mimi naongea. Alikuwa anafanya kazi kwenye studio ya picha mjini, na msichana wake, Njoki, alikuwa anauza katika duka la dawa kule Westlands. Kijana mpole, huyo Kimani, hata salamu anaitoa kwa mkopo.

Mjue kwetu Wakikuyu siku ya kwenda kubisha hodi kwa wakwe, kijana hasemi kitu. Anakaa nyuma amefunga mdomo, mzee aliyechaguliwa ndiye mdomo wake, na huyo mzee akisema, kijana amesema. Msichana naye anawekwa chumba cha ndani mpaka aitwe. Kwa hiyo lazima kijana aje mapema amweleze mzee habari zote, walikutana wapi, vipi, ili mzee akasimulie na asiulizwe swali akakwama. Kimani alikuja kunieleza. Tatizo alikuja wakati mbaya. Kwenye televisheni kijana na msichana walikuwa kituo cha basi, mvua inamwagika, mwavuli ni mmoja. Rimoti ilikuwa mkononi mwangu hapa, ningebonyeza tu ile picha ikasimama, Wambui angenuna kidogo, basi. Nikajiambia masikio ninayo mawili.

"Anko, unanisikia lakini?"

"Nakusikia bwana. Endelea. Mlikutana."

"Nilikuwa nimeingia pale kununua dawa za kichwa—"

"Guka, ona, amempa mwavuli wote! Ananyeshewa yeye!"

"Mjinga," nikasema.

"Nani, mimi?" Kimani akauliza.

"Si wewe. Endelea."

Akaendelea. Na mimi nikaitikia pale pa kuitikia, na alipoondoka nikamwambia asiwe na wasiwasi, yote ninayo kichwani. Na kweli nilikuwa nayo yote kichwani.

Wazazi wa Njoki walikuwa wanakaa Kilimani, kwenye fleti mpya, ghorofa ya juu kabisa, na lifti haikuwepo. Magoti yangu yalifika yakiwa yamekasirika. Sebuleni wazee wamejipanga kwenye makochi, sisi viti vya plastiki, uji wetu mchachu tuliokuja nao uko kibuyuni katikati ya chumba haujaguswa. Huo uji ndio kila kitu. Wakiunywa, mmekubaliwa. Wasipounywa mnaubeba mnarudi nao, ngazi zote zile, na Kimani anarudi bila mke. Msemaji wao alikuwa Mzee Gathogo, mtu mkavu, mtulivu, na kando yake shangazi wa Njoki, Tata Wairimu, mama wa kitambaa kichwani na macho ya askari wa geti.

"Haya," akasema Mzee Gathogo, "tuelezeni huyo kijana wenu aliuonaje mlango huu."

Nikasimama. Nilikuwa nimechoka na ngazi, sikujipa hata dakika ya kupanga. Nikafungua mdomo na kilichotoka kwanza kilikuwa mvua.

"Kulikuwa na mvua, wazee wangu, mvua ya kusimama wima. Msichana wenu yuko kituoni hana mwavuli, amekumbatia mkoba, nywele zimemshika shavuni. Kijana wetu anao mwavuli mmoja. Afanye nini? Akampa wote. Akasimama kando, akanyeshewa mpaka viatu vikajaa, na hakusema neno."

Wanawake wakasema "Woi!" kwa utamu. Sijawahi kusikilizwa hivyo maisha yangu yote, hata kanisani nikitoa tangazo. Nikamtupia Kimani jicho nione amefurahi, nikakuta ananiangalia kama mtu anayeona gari linarudi nyuma bila dereva.

"Sisi tuliambiwa ni duka la dawa," Mzee Gathogo akasema.

Hapo ndipo ningekaa chini. Ningesema, samahanini, uzee, ni duka la dawa. Lakini mtu akishaambiwa woi hakai chini.

"Hiyo ilikuwa baadaye, mzee wangu. Kwanza mvua. Ile mvua ndiyo ilimwamshia msichana ule ugonjwa wake wa kifua, na dawa zikaingia hapo." Nikajisifu kimoyomoyo kwa jinsi nilivyounganisha.

"Ugonjwa gani?" mama wa Njoki akauliza.

"Ule wa tangu utotoni. Wa kuanguka."

Tata Wairimu akainuka nusu. "Mtoto wetu anaanguka? Nani amekuambia mtoto wetu anaanguka? Hivyo ndivyo kijana wenu anavyomsema huko nje?"

Koti langu lilivutwa kutoka nyuma. Nikaona nimeharibu, nikatafuta haraka kitu cha kumsifia kijana, na kichwani sikuwa na kitu kingine ila kile kile.

"Nilikuwa nasema hivi, mama, kijana hakumwacha! Hata yule msichana wa jirani, yule waliyeahidiana naye tangu wadogo, alipolia na kumshika mkono asiende, yeye alienda."

Maji yalikuwa yanatiririka jikoni, yakafungwa. Mlango wa chumba cha ndani, mahali Njoki alipokuwa, ukafunguka upana wa kidole.

"Kuna msichana wa jirani," akasema Tata Wairimu polepole.

"Alihama."

"Ahaa."

"Lakini alirudi." (Sijui kwa nini nilisema. Ni kwa sababu alirudi.)

"Alirudi lini?"

"Sehemu ya kumi na tatu."

Mzee Gathogo akavua miwani. "Sehemu ya kumi na tatu ya nini, ndugu yangu?"

Na mimi, nimesimama pale na kofia yangu, nikajibu ukweli kwa sababu uongo ulikuwa umekwisha. "Ya dividii. Ni katuni, mzee. Naangalia na mjukuu."

Mngetegemea wacheke. Hakuna aliyecheka. Wazee wetu waliokuja nami walikuwa wanachunguza zulia. Tata Wairimu akauonyesha uji kwa kidole. "Mmekuja kutuposea mtoto ama kutuchezea? Mnaona ile kitu yenu? Shikeni mwende nayo."

Ndipo Kimani akasimama. Kwa kweli sikuamini, hata nilinyoosha mkono nimkalishe.

"Kijana," Mzee Gathogo akasema, "nani amekupa ruhusa ya kuongea hapa?"

"Hakuna, baba. Lakini aliyekuwa ananisemea amemaliza."

Kwa mbali huko nje kuna lori lilikuwa linapiga honi, na yeye hakungoja lipite.

"Mimi kichwa hakikuwa kinaniuma. Niliingia pale siku ya kwanza nikanunua dawa za kichwa, halafu kesho yake nikarudi, halafu nikawa narudi tu. Wiki zikapita. Siku moja akaniuliza, wewe kichwa gani hicho? Nikamwambia ukweli, hakiniumi. Akasema anajua, na ndiyo maana amekuwa akiniuzia vitamini. Hakuna mvua. Hakuna jirani, jirani yangu ni mzee wa kuuza makaa. Hana ugonjwa, na angekuwa nao bado ningekuja. Mkitaka kutufukuza mtufukuze kwa ajili ya Anko, lakini mimi nimesema."

Akakaa. Mimi nilikuwa bado nimesimama, hakuna aliyenikumbuka. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi langu miezi na miezi nikiwafokea vijana wa kuchorwa wafungue mdomo, na kijana wangu mwenyewe alipokuja kunifungulia wake sikumtazama usoni.

Mzee Gathogo na Tata Wairimu wakanong'onezana kwa muda. Halafu mzee akaita, "Njoki! Njoo hapa."

Njoki akatoka. Msichana mfupi, imara, hana dalili ya kuanguka. Akaulizwa kama desturi ilivyo, kwa kuwa wazee hawagusi kitu cha watu mpaka binti mwenyewe akubali. "Mama, hawa wageni unawajua? Uji wao tunywe ama tusinywe?"

Akamtazama Kimani. Kisha akanitazama mimi, na mimi nikaitazama kofia. Kwenye katuni hapo wangepiga kinanda.

"Mnywe," akasema. "Lakini huyu mzee aliyenipa ugonjwa, asipewe."

Hapo ndipo walicheka, wa kwao na wa kwetu, mpaka Tata Wairimu akajifuta macho na kile kitambaa chake. Kibuyu kikazunguka, kikafika kwa wa kushoto kwangu, kikanipita, kikafika kwa wa kulia. Na nilikuwa na kiu, jamani, ngazi zile zote! Mzee Gathogo akaniinamia baadaye, mdomo umejaa uji, akaniuliza chini chini, "Na huyo mgonjwa wa mvua, alipona?"

"Sijui, mzee. Sijamaliza kuiangalia."

Akasikitika kweli.

Katuni sijaacha, sitawadanganya, nitaacha nikafanye nini na magoti haya? Lakini siku hizi mtu akiingia kwangu na neno lake nazima televisheni kabisa, Wambui anune asinune, na ninamgeukia huyo mtu na mwili mzima. Na kusemea watu niliapa siku ile ile, nikiwa nashuka ngazi, kwamba imetosha. Tuliporudi Kilimani mara ya pili kuzungumza mahari alichaguliwa mzee mwingine, mimi nikawekwa nyuma karibu na mlango pamoja na mikoba ya akina mama. Katikati ya mazungumzo Mzee Gathogo akaniona, akauliza kwa heshima kama yule mzee pale nyuma ana la kuongeza. Watu wote wakageuka. Nikatikisa kichwa, nikaendelea kulinda mikoba.