Mawe Meusi ya Korongoni

Dorkasi alikuwa mchuma chai wa Mponde, mjane wa miaka arobaini na mitano, na mikono yake ilikuwa migumu kuliko ya wanaume wengi. Issa, mjiolojia kutoka Tanga, alipotafuta kibarua anayejua Kibondei, lugha ya huko Muheza, Dorkasi ndiye aliyekubali kushuka naye hadi kwenye makorongo ya huko.

Kazi ilikuwa kuvunja mawe meusi yaliyolaliana tabaka kwa tabaka. Jiwe likipasuliwa lilinuka mafuta ya taa.

"Zamani hapa palikuwa ziwa," Issa alimweleza. "Mwani na majani vilizama topeni, vikafukiwa, joto la ardhini likavipika. Tukijua vilipikwa kiasi gani, tutajua kama chini huko kuna mafuta."

"Na kama viliungua?"

"Basi tumechelewa mamilioni ya miaka."

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, wanaume sita wa kijiji cha jirani waliteremka korongoni na mapanga. Walikuwa wameambiwa kwamba vigingi alivyopigilia Issa kuonyesha pa kuchukua mawe ni mipaka ya kuwahamisha. Issa akainua mikono.

"Shikamooni, wazee wangu. Tuongee."

Mmoja wao akarusha jiwe, likamvunja meno. Akaanguka, wakamkanyaga kifuani, kisha panga likamshukia shingoni.

 Dorkasi alizungusha nyundo yake ya kuvunjia mawe, ikatua begani mwa kijana mmoja, Dula. Akausikia mfupa ukivunjika. Panga jingine likaondoka na vidole vyake viwili. Akahamishia nyundo mkono wa kushoto, akaendelea kupiga, kumpiga yeyote aliyesogea, mpaka dereva wa Issa alipofika na gari akipiga honi, wale wanaume wakatawanyika.

Issa alikata roho njiani, kichwa kikiwa mapajani mwa Dorkasi.

Miezi saba baadaye, mahakamani, Dula alimgeukia Dorkasi.

"Mama, tuliambiwa mnakuja kutunyang'anya ardhi."

"Mngemuuliza," akajibu. "Alipenda sana kuulizwa."

Majibu ya maabara yalikuwa yameshaletwa kwa barua. Mawe yale yalipikwa kupita kiasi. Mafuta yalikwisha zamani, labda gesi imebaki chini zaidi. Dorkasi alipanda basi hadi Tanga, akamsomea mama yake Issa, Bi Maryam, ile barua.

"Kwa hiyo mwanangu alikufa bure?" Bi Maryam akauliza.

"Sijui, mama. Yeye alitaka kujua tu."

Bi Maryam aliushika ule mkono wa vidole vitatu, kisha akaenda jikoni kumpakulia chakula.