Kipande Nilichokikata Kwenye Video ya Vileja vya Mama Mdogo

Ndugu zangu wa ukurasa huu, mimi ni msomaji wa kimyakimya, hata komenti sijawahi kuweka. Admin nimemwomba afiche jina langu, maana watu wengi wa Lindi wananijua kwa sura. Ni mwanamke wa miaka ishirini na nane, sijaolewa, nasuka nywele Lindi mjini. Siku ambazo sina wateja napanda basi au bodaboda nawatembelea watu wanaooka. Naonja keki, skonzi, mkate wa kumimina, najirekodi kwa simu na kusema ukweli. Keki ikiwa mbichi katikati nasema. Kuna mama alininunia mwaka mzima kwa sababu nilisema skonzi zake zimekauka, lakini watu ndiyo wakazidi kuniamini. Wananiandikia, "Dada, ukisema tule, tunakula."

Mama mdogo wangu anaoka vileja huko Kilwa, karibu na Nangurukuru. Ndiye aliyenilea tangu mama yangu afariki nikiwa darasa la tatu. Kila nikimpigia ananilalamikia, "Unaonja za watu wote, kwangu unapita na basi." Mwezi uliopita nikaenda.

Kwa kweli vileja vyake ni vitamu. Samli haikupunjwa, hiliki unaisikia kabla hujatafuna. Nilimrekodi akipanga kwenye sinia, moto wa makaa juu na chini, anacheka na kuniita mtangazaji wake. Kisha nikamwomba anionyeshe anapoweka unga, kama ninavyowaomba wote. Akanipeleka stoo. Baba mdogo ana shamba la mikorosho, na mifuko yake ya dawa ya wadudu, ile ya ungaunga, ilikuwa imeegemea mifuko ya unga wa vileja. Mfuko mmoja wa dawa ulikuwa wazi. Ndani yake limechomekwa kopo la plastiki. Mama mdogo alilichomoa, akalikung'uta, akalifuta kwa pindo la khanga, akachota nalo unga wa kuoka. Hakuona ajabu yoyote. Simu yangu ilikuwa inarekodi.

Mngekuwa ninyi mngesema pale pale. Mimi nilinyamaza. Nilijiambia ni mara moja tu, nitamwambia siku nyingine tukiwa wawili, maana jirani yake alikuwa amesimama mlangoni. Nilipofika nyumbani nikakikata kile kipande, nikaiweka video iliyobaki, nikasema sijawahi kula vileja kama vile pwani yote hii. Video ikasambaa. Watu wa Lindi wakaanza kuagiza, mzigo unakuja na basi.

Wiki mbili baadaye jirani yangu, tunayepanga naye nyumba moja, alinigongea asubuhi. Ana binti wa miaka minne. Mtoto alikuwa anatapika, mate yanamtoka bila kukoma, mikono inatetemeka. Tulimkimbiza zahanati. Mganga akamwuliza mama yake, "Mtoto amegusa dawa yoyote ya shambani?"

Jirani yangu akasema, "Sisi tunakaa mjini, dawa ya shambani tuitoe wapi? Jana hakutaka hata ugali, amekula vileja tu."

Mganga akaniangalia na mimi, labda kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu. Nikatazama chini. Vileja vile mama yake alivinunua kwa sababu yangu. Mtoto hakufa, Alhamdulillahi, lakini mpaka leo anatembea akishika ukuta, na akiniona ananikimbilia kama zamani. Siku mbili baada ya hapo nikapata ujumbe wa mtu nisiyemjua, anauliza kama kuna wengine walioumwa tumbo baada ya kula vile vileja. Sikumjibu. Kesho yake akaandika mwingine.

Nikampigia mama mdogo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza yote. Akasema, "Watoto wanaokota vitu uani. Mimi navila kila siku na nipo."

"Mama mdogo, lile kopo nililiona."

Akajibu, "Kopo nimelitupa."

"Na unga?"

"Unga niupeleke wapi, mwanangu?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Sikiliza. Ukilisema hili huko kwenye simu yako, watakuja kutuchomea nyumba na baba yako mdogo hawezi kukimbia. Nimekulea ili uje unizike?"

Niliifuta video. Haikusaidia, watu walikuwa wameihifadhi na bado wanatumiana. Wengine wananiuliza kwa nini nimeitoa, ati naona wivu ndugu yangu anafanikiwa. Kile kipande nilichokikata bado ninacho. Naogopa kukiangalia na naogopa kukifuta.

Juzi amenipigia mama mmoja wa Nyangamara, anamwoza binti yake Jumamosi hii. Alinishukuru sana. Akasema wameagiza vileja vya shughuli nzima kwa mama mdogo, masinia kwa masinia, watoto wa madrasa nao watapewa. "Tusingemjua bila wewe, mwanangu," aliniambia. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikasema, "Mungu awajalie," nikakata simu.

Nikisema, nimemwangamiza aliyenilea, na jirani yangu atajua kwamba siku ile zahanati nilijua nikanyamaza. Nisiposema, mnajua wenyewe. Nimejaribu kumwomba mama mdogo aseme anaumwa, avunje oda. Leo asubuhi nimempigia tena kumbembeleza. Amenijibu kwa upole, kama anavyonijibu siku zote, kwamba nisijisumbue, unga wa Jumamosi ameshaukanda.

Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini? Na anayejua la kunishauri aniambie leo.